Kutoka Volti 6 hadi Volti 12: Historia ya Taa na Nyaya za Pikipiki Kuukuu katika Viunga vya Dar es Salaam

Maandishi kuhusu pikipiki katika Tanzania hushughulikia zaidi injini, bei na ajali, na ni nadra kugusa taa na nyaya, ingawa hizo ndizo zinazoonyesha kwa uwazi zaidi namna mji ulivyotanuka na namna wakazi wake walivyosafiri usiku. Kazi ya kubadilisha umeme wa pikipiki kuukuu, ambayo leo huonekana kuwa shughuli ya wapenzi wachache wa mashine za zamani, ilikuwa katika viunga vya Dar es Salaam hitaji la maisha kwa miongo mingi, kwa sababu pikipiki zilifika katika viunga hivyo mapema kuliko taa za barabarani, na kila aliyeendesha baada ya magharibi alilazimika kujibebea mwanga wake. Segerea, kata ya Wilaya ya Ilala iliyo kati ya Tabata na Kinyerezi, ni mfano mzuri wa hali hiyo: ni eneo lililokuwa la mashamba nje ya mji, ambalo kwa muda mrefu lilijulikana kwa gereza na seminari kuu kuliko kwa makazi, na ambalo lilijaa nyumba kwa kasi kubwa kuliko ile ya barabara, mifereji na nguzo za umeme.

Taa za kwanza za pikipiki duniani hazikutumia umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilitumia gesi ya asetilini, iliyopatikana kwa kudondoshea maji juu ya kemikali ya kabaidi, ile ile ambayo mafundi wa kuchomelea wa Afrika Mashariki waliendelea kuitumia miaka mingi baadaye. Umeme ulikuwemo katika pikipiki hizo, lakini kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kutoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda, na ulitoka kwenye magneti, yaani kifaa kinachozalisha umeme kwa kuzungusha sumaku na koili ya waya wa shaba moja karibu na nyingine, bila kuhitaji betri. Pikipiki za kijeshi zilizoingia katika ardhi ya Tanganyika mwaka 1916, pamoja na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini kilichopigana dhidi ya Wajerumani, zilikuwa za kizazi hicho. Mjini Dar es Salaam kwenyewe umeme ulikuwa umeanza mwaka 1908 chini ya Wajerumani, ukihudumia karakana za reli na sehemu za mji walizokaa wao, na hata baada ya kampuni ya DARESCO kuundwa mwaka 1931 ili kuuza umeme jijini na kandokando yake, nguzo zake zilifuata ofisi, viwanda na nyumba za wenye uwezo, huku maeneo ya mashamba ya upande wa Pugu yakibaki gizani.

Pikipiki za Uingereza zilizotawala soko la makoloni kati ya vita viwili vikuu na mara baada yake, kama vile BSA, Triumph, Norton na Ariel, zilipata sehemu kubwa ya vifaa vyake vya umeme kutoka kampuni moja, Joseph Lucas ya Birmingham. Mfumo wake ulijengwa juu ya dinamo, yaani jenereta ndogo inayotoa umeme wa mkondo mnyoofu, iliyochaji betri ya volti 6 kupitia kidhibiti chenye kati auti, ambayo ni swichi ya sumaku inayouzuia umeme wa betri usirudi kwenye dinamo injini inapozunguka polepole. Dinamo ya aina ya E3L, iliyotumika katika pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ya baada ya vita, ilikadiriwa kutoa wati 60, na ikiwa taa ya mbele pekee ilichukua wati 30, nusu ya uwezo wote ilikuwa imekwisha kabla ya taa ya nyuma, honi na koili kupata haki yao. Jambo jingine lililowasumbua mafundi wa baadaye ni kwamba katika pikipiki nyingi za mfumo huo upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye fremu ya pikipiki, kinyume na desturi ya Kijapani, hivi kwamba fundi aliyezoea Honda alipofunga betri ya Triumph kwa mazoea aliweza kuunguza rektifaya kwa kitendo kimoja. Rektifaya ni kifaa kinachougeuza umeme wa mkondo geu, unaobadili mwelekeo kila mara, kuwa umeme wa mkondo mnyoofu unaoweza kuhifadhiwa ndani ya betri. Ilihitajika zaidi kuanzia miaka ya 1950, pale dinamo ilipoanza kuachwa na alternata, yaani jenereta ya mkondo geu, kushika nafasi yake. Waingereza walihamia volti 12 katikati ya miaka ya 1960, lakini kufikia wakati huo soko la Afrika Mashariki lilikuwa limeanza kugeukia kwingine.

Lilikogeukia ni Japani na, kwa kiasi fulani, Italia. Honda ilitoa Super Cub mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, na pikipiki hiyo nyepesi pamoja na warithi wake wa cc 50, 70 na 90 ilimfaa mwalimu, karani, mganga na katekista kuliko mashine nzito za Kiingereza. Vespa, iliyozaliwa Italia mwaka 1946, ilipendwa katika miji ya pwani, na Unguja ikaifanya kuwa chombo chake cha kawaida kabisa cha barabarani. Aina hizi mbili zilifanana katika jambo moja kubwa la umeme: nyingi ya zile za mwanzo hazikuwa na dinamo ya pembeni, bali zilikuwa na sumaku zilizofungwa ndani ya gurudumu la injini, zikizunguka juu ya koili zilizotulia, na mwanga wake ulitegemea moja kwa moja kasi ya injini. Dereva akisimama taa hufifia hadi kuwa nyekundu, na akivuta mafuta hung'aa.

Katika Vespa za zamani zisizo na betri, na katika pikipiki nyingi ndogo za kizazi chake, hapakuwa na kidhibiti chochote cha volti. Balbu zenyewe ndizo zilizobeba kazi hiyo, kwa kuwa mtengenezaji alipima koili ili itoe umeme unaotosha jumla ya wati za balbu zote zilizofungwa, wala si zaidi. Kwa hiyo balbu ya nyuma ilipoungua, umeme uliokuwa ukiliwa nayo uliielemea ya mbele, nayo ikafuata, na mwendeshaji akajikuta kwenye giza kamili katikati ya safari. Dawa ya haraka ya kufunga balbu yoyote iliyopatikana dukani ilikuwa na hatari yake, kwani balbu ndogo kuliko ile iliyokusudiwa iliungua baada ya muda mfupi na kubwa kuliko hiyo ilitoa mwanga hafifu kwa wakati wote. Fundi mzuri wa zama hizo alitambulika kwa uwezo wake wa kujumlisha wati kabla ya kushika bisibisi, na ustadi huo unastahili kuhesabiwa kuwa elimu halisi ya umeme, hata kama aliyekuwa nao hakuwahi kukanyaga darasa la fizikia.

Elimu hiyo ilipimwa vikali kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na gharama za vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliimaliza akiba ya fedha za kigeni, na vipuri vya vyombo vya moto vikawa miongoni mwa bidhaa zilizoadimika zaidi. Wakati huo huo mji ulikuwa ukifurika: sensa ya mwaka 1978 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 843,000, zaidi ya mara mbili ya idadi ya mwaka 1967. Pikipiki iliyokuwa imenunuliwa kabla ya shida ilipaswa kuendelea kufanya kazi, na wayaringi, kama mafundi wanavyoliita fungu zima la nyaya linaloanzia kwenye usukani hadi taa ya nyuma, ikawa sehemu ya kwanza kupoteza sura yake ya kiwandani. Mpira unaofunika nyaya hukakamaa na kupasuka kwa joto la injini na jua, unyevu wa chumvi wa pwani huila shaba hadi iwe ya kijani, na pale waya mpya wa magari ulipokosekana, waya wa kuwekea umeme nyumbani ulishika nafasi yake, ukiunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Waya wa nyumba ulio na uzi mmoja mnene hauvumilii mtikisiko, hivyo hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa nje, na wingi wa hitilafu ambazo mafundi wa leo wanazikuta katika pikipiki za umri huo unatokana zaidi na viungo vya miaka hiyo ya dhiki kuliko kazi ya kiwanda.

Ni makosa, hata hivyo, kuvitazama viungo hivyo kama uharibifu. Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973 na kanuni zake zilitaka chombo kiwe na taa zinazofanya kazi, na barabara ya vumbi isiyo na nguzo hata moja ilitaka hivyo kwa ukali zaidi, kwa hiyo fundi aliyefanikisha taa kuwaka kwa kutumia kilichopo alitimiza sheria na pia aliokoa maisha. Mafunzo rasmi yalikuwepo, hasa katika chuo cha ufundi cha Chang'ombe wilayani Temeke, na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza yaliwapa vyeti mafundi umeme wa magari. Kuanzia mwaka 1994 majukumu hayo yaliwekwa chini ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Lakini wengi wa waliohudumia pikipiki walijifunza kwa kukaa kando ya fundi mkuu chini ya mwembe au kwenye kibanda cha bati, wakianza kwa kushika testa, ambayo ni balbu ndogo yenye nyaya mbili za kutafutia mahali umeme unapoishia, na wakihitimu kwa kuweza kufuata waya mmoja hadi mwisho bila kuangalia mchoro.

Kulegezwa kwa biashara ya nje mwaka 1984, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, kulirudisha vipuri madukani, na maduka ya Kariakoo yakawa kimbilio la wenye vyombo kutoka kila upande wa jiji. Ndipo wazo la kupandisha pikipiki ya volti 6 hadi volti 12 lilipopata nguvu, kwa sababu balbu, betri na honi za volti 12 zilizotengenezwa kwa magari na kwa pikipiki mpya zilikuwa nyingi na rahisi, ilhali za volti 6 zilizidi kuwa adimu kila mwaka. Sababu ya kibiashara iliungana na sababu ya kisayansi. Wati ni zao la volti na ampia, hivyo taa ya wati 30 katika volti 6 huhitaji ampia 5, lakini katika volti 12 huhitaji ampia 2.5 tu, na kadiri ampia zinavyopungua ndivyo upotevu ndani ya nyaya na viungo unavyopungua. Mwanga wa balbu ya waya mwembamba haushuki sambamba na volti. Hushuka kwa kasi kubwa zaidi, kiasi kwamba balbu ikipungukiwa asilimia 10 ya volti yake hupoteza takribani asilimia 30 ya mwanga. Kama viungo vibovu vinakula zaidi kidogo ya nusu volti katika mfumo wa volti 6, taa imepoteza karibu theluthi moja ya mwanga. Viungo hivyo hivyo, kwa balbu ya wati zile zile katika volti 12, huipunguzia taa mwanga kwa takribani asilimia 8 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyomwezesha mtu aliyetoka Segerea kwenda Tabata usiku kuliona shimo kabla ya kulifikia.

Kazi yenyewe ina ngazi kadhaa, na wasiofahamu hudhani kuwa inaishia kwenye kubadilisha betri. Balbu zote, betri, kifaa cha kuwasha na kuzima indiketa, na koili ya cheche pale inapotegemea betri, lazima vibadilishwe pamoja. Chanzo cha umeme nacho kinahitaji uamuzi: koili za ndani ya gurudumu la sumaku mara nyingi zinaweza kufikisha volti 12 zenyewe injini ikizunguka kwa kasi, lakini zikashindwa katika mwendo wa pole, hivyo fundi hodari huzisuka upya kwa waya mwembamba zaidi na mizunguko mingi zaidi. Baada ya hapo hufungwa regulata, ambayo huzuia volti kupanda kupita kiwango ambacho betri inaweza kupokea, yaani volti 14 na kitu hivi. Hatua ya mwisho, ambayo wengi huiruka kwa kubana gharama, ni kuiondolea swichi ya funguo mzigo wa taa kwa kufunga rilei, swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kuruhusu umeme mkubwa upite njia fupi kutoka kwenye betri, ikitanguliwa na fyuzi. Bila fyuzi, shoti moja kwenye shingo ya usukani, mahali ambapo nyaya hukunjwa kila pikipiki inapokata kona, inaweza kuteketeza wayaringi yote.

Msaada mkubwa kuliko wote kwa pikipiki kuukuu ulitoka mahali ambapo wapenzi wa mashine hizo hawakupatarajia, nao ni bodaboda. Usafiri huo, ulioanzia kwenye baiskeli za mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, ulienea Dar es Salaam kwa kasi kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne ya 21 na ukatambuliwa na kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo. Viunga ndivyo vilivyouhitaji zaidi, kwa kuwa daladala ziliishia kwenye barabara kuu na nyumba zilikuwa ndani. Pikipiki za Kichina kama SanLG, Toyo na T-Better, zikifuatiwa na Boxer na TVS za Kihindi, zilileta volti 12 katika kila mtaa, na pamoja nazo maduka madogo ya vipuri vilivyoweza kununuliwa kwa fedha za siku moja.

Hapa historia ya teknolojia inatoa zawadi isiyotarajiwa. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa mahususi kwa nchi zenye barabara mbovu na huduma chache, yenye injini inayovumilia uzembe wa matunzo. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi usio na mfano, na hivyo stata, yaani bamba la koili zilizotulia ndani ya gurudumu la sumaku, pamoja na rektifaya na kifaa cha cheche cha kielektroniki vinavyouzwa leo kwa ajili ya bodaboda, ni wajukuu wa moja kwa moja wa Honda ile ya zamani. Rangi za nyaya nazo zimerithiwa: kijani kwa erthi (waya wa fremu), nyekundu kwa betri, nyeusi kwa umeme unaopita kwenye funguo, buluu kwa taa ya mbali, nyeupe kwa taa ya karibu na kahawia kwa taa ya nyuma. Kijana aliyejifunzia umeme kwenye bodaboda ya mwaka 2012 anaweza kusoma wayaringi ya Honda ya mwaka 1978 bila mwalimu. Urithi huo hauwafaidi wenye Triumph na BSA, kwani katika mfumo wa Lucas waya mwekundu ndio unaokwenda kwenye fremu, na anayeusoma kwa macho ya Kijapani hupotea mara moja.

Mabadiliko ya karibuni zaidi yameletwa na taa za LED, zinazotoa mwanga kutoka kwenye kipande cha fuwele badala ya waya uliopashwa moto. Ziliwezekana kuwa nyeupe baada ya mafanikio ya watafiti wa Kijapani katika kutengeneza LED ya buluu, kazi iliyotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa pikipiki kuukuu zina mvuto wa kweli, kwa kuwa wati 10 zake zaweza kushindana na wati 35 za balbu ya zamani, na dinamo dhaifu hupumua. Hata hivyo, pikipiki nyingi ndogo huwasha taa ya mbele kwa mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye stata, na LED zilizofungwa humo hupepesa na kufa mapema. Mafundi wenye ujuzi hulitatua hilo kwa kuukata mwisho wa koili uliofungwa kwenye fremu, kuutoa nje kwa waya mpya, na kuupitisha umeme wote kwenye rektifaya kamili ili betri ndiyo iwashe kila taa. Wasio na ujuzi hufunga vijitaa vikali juu ya ngao ya mbele, vinavyompofusha anayekuja bila kuimulika njia, na jambo hili linastahili kulaumiwa waziwazi, kwani kioo cha taa ya asili kilichongwa ili kuutandaza mwanga chini na kushoto, na thamani ya mwanga iko katika mahali unapoangukia.

Swali la kuhifadhi pia limejitokeza, kwa kuwa pikipiki za miaka ya 1960 na 1970 zilizosalia zimeanza kutafutwa. Wapo wanaotaka kila waya urudishwe kama ulivyotoka kiwandani, pamoja na volti 6 zake. Kwa pikipiki ya maonyesho rai hiyo ina maana, lakini kwa pikipiki iliyoishi maisha yake yote Dar es Salaam, volti 12 zilizofungwa mwaka 1986 na waya wa nyumba uliounganishwa wakati wa dhiki ni sehemu ya historia yake kama ilivyo nembo ya tangi. Njia iliyo bora ni kubadilisha kinachohatarisha maisha, kuacha bakuli na kioo cha taa ya mbele, kuitunza wayaringi ya zamani badala ya kuitupa kwa wauza vyuma chakavu, na kuchora mchoro wa kilichofanyika, kwa sababu mafundi waliofanya kazi ya miaka hiyo wanazeeka na wengi wao hawakuandika chochote.

Mazingira yaliyoizaa kazi hii nayo yamebadilika. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi, jirani kabisa na Segerea, ilijengwa kuzalisha megawati 150 katika awamu ya kwanza na 240 katika ya pili, iliyozinduliwa mwaka 2018, na baadhi ya barabara za Ilala, Kinondoni na Temeke zimepata lami, mifereji na taa kupitia mradi wa uendelezaji wa jiji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Jiji lililohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022 bado lina mitaa mingi ya ndani isiyo na nguzo za taa, na taa ya pikipiki ingali na kazi huko. Wakati huo huo pikipiki za umeme zimeanza kuingia, zikiwa na betri za volti 60 au 72 ambazo hulazimika kushushwa hadi 12 kwa kifaa maalumu ili taa na honi zifanye kazi, na wanaoitwa kuzitengeneza mitaani ni mafundi wale wale waliojifunza kupandisha volti 6.